Kisanduku cha kumi na saba: nilivyofundishwa SQL na mama wa kadi huko Nyamira kabla sijaiona kompyuta

Wakuu, shikamooni wakubwa, na vijana mambo.

Leo nalipa deni la maswali. Kila nikichangia humu kuna mtu anauliza kwa nini ID yangu ni Kisanduku17, kama nauza mabati au nimejiunga na dini fulani. Halafu juzi kule jukwaa la tech kuna dogo alilia kwamba program yake ina SQL query ndani, yaani swali la kuiuliza database, ana array, yaani orodha, ya namba za wateja, anaitupa kwenye IN, yaani 'lete hawa', na database inamrudishia sifuri.

Nikacheka peke yangu hadi mke wangu akaja kuangalia kama niko salama. Maswali hayo mawili jibu lake ni moja.

Nayasimulia kama yalivyonipata. Majina tu nimebadilisha, kwa sababu wajukuu wa wahusika wako humu na nawajua kwa matusi.

Na nyinyi ndugu wa Tanzania, mimi ni Mkisii. Mkikuta ngeli imevunjika mguu, iokoteni muendelee na safari.

Basi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nyamira ilikuwa bado ndani ya Kisii, na mimi nilikuwa karani mpya katika ofisi moja ya wakulima wa chai. Nilikuwa na suruali mbili, kalamu moja ya wino, na kiburi cha kutosha ofisi tatu. Nilikuwa bado kwenye majaribio, sijathibitishwa kazini.

Kila mkulima alikuwa na namba, na kila namba ilikuwa na kadi. Kadi zote zilikaa kwenye droo za mbao katika chumba cha nyuma, na mwenye chumba hicho alikuwa Mama Rael.

Mama Rael alikuwa Msabato wa kweli kweli. Kitambaa cheupe kichwani, kikapu chini ya meza, na Biblia juu ya meza. Hakuna aliyeingia chumba chake, hata mkubwa wetu Bwana Ombati. Ulisimama kwenye dirisha dogo, unampa chiti, kile kikaratasi cha kuombea kadi, unangoja.

Chiti yenyewe ilikuwa na mstari mmoja tu: Namba ya mkulima. Chiti moja, kadi moja. Ukitaka kadi thelathini, unaandika chiti thelathini na unaenda dirishani mara thelathini. Na Mama Rael hakuwa na haraka. Alitembea kama mtu aliyebeba mayai.

Siku ya tatu nilichoka. Nikajiambia, mimi nimesoma bwana. Nikachukua chiti moja, nikajaza namba ishirini kwenye ule mstari mmoja, koma baada ya koma, hadi nikapanda pembeni ya karatasi na kurudi kwa chini.

Mama Rael akaichukua, akaenda zake. Nikasikia droo ya kwanza inafunguliwa. Ya pili. Ya tatu. Nikaanza kupiga mluzi, nikijiona mjanja.

Akarudi mikono mitupu.

"Hakuna mkulima wa namba hii," akasema.

"Namba gani, Mama?"

"Hii uliyoandika. Nimetafuta droo zote. Ni namba ndefu sana, huyo mtu labda anaanzia Manga anaishia Kisumu."

"Mama, hizo ni namba ishirini!"

"Mstari ni mmoja. Mimi nasoma namba moja."

Dogo wa jukwaa la tech, umeona ulipokosea? Umechukua array yako yote ukaibandika kama kitu kimoja mahali pa kitu kimoja. Database ikatafuta mteja mmoja mwenye jina la koma koma koma. Haijakataa kazi, imetafuta kwa uaminifu kabisa, na mtu kama huyo hayupo.

Nilikasirika, lakini nilikuwa kijana wa hila. Nikaenda kwenye ile mashine ya stensili ya kuzungusha kwa mkono, nikachapa chiti mpya yenye visanduku ishirini, kila kimoja na namba yake pembeni. Nikampelekea Mama Rael kwa heshima zote, karibu nipige magoti.

Akaigeuza. Akaipima na macho.

"Hapa sawa," akasema. "Kila namba na nyumba yake. Hiyo nitaleta."

Na akaleta! Safari moja, kadi ishirini. Ofisi nzima ikaniita profesa. Bwana Ombati mwenyewe akanigonga bega.

Mama Rael alinipa sharti moja tu. Kama nina namba kumi na tano, vile visanduku vitano vilivyobaki nivipige mstari.

"Usikiache wazi," aliniambia. "Wazi si hakuna. Wazi ni mtu ambaye hujaniambia."

Nikaitikia "ndiyo Mama" huku nikiwaza chakula. Siku moja nikasahau, nikaacha kimoja wazi kwenye chiti ya kuleta. Akaleta kadi zote nilizoandika, hicho kitupu akakiruka. Nikajua kumbe ni maneno tu ya watu wazima. Shikeni hapo, ndipo nilipojichimbia kaburi.

Sasa ingia Alhamisi ya mvua za kupanda.

Ofisi ilikuwa igawe miche ya chai eneo la Manga. Bwana Ombati akaniita, mkononi ana orodha ya majina.

"Nataka kadi za wakulima wote wa Manga, isipokuwa hawa kumi na tisa waliopewa mwaka jana. Kesho saa kumi Land Rover inaondoka na orodha kwenda kwenye kitalu. Ikichelewa, miche inapelekwa Nyacheki. Wale wameshachimba, wanangoja sisi tukosee."

Nikaona kichwa changu kinavimba kwa raha. Nikachukua chiti ya visanduku ishirini, juu nikaandika kwa herufi kubwa: MANGA WOTE, ISIPOKUWA HAWA.

Wakuu, kabla sijaendelea, kuna watu wawili inabidi muwajue.

Wa kwanza ni mama yangu. Kikwetu mama tunamwita "baba", na baba tunamwita "tata", kwa hiyo msichanganyikiwe mkinisikia nalia "baba" kwenye simu. Baba yangu alikuwa ameshafariki. Mama alikuwa na kipande cha ardhi kwenye mteremko wa Manga, na mwaka huo ndiyo mara yake ya kwanza kuomba miche. Alikuwa ameshachimba mashimo yake yote kwa jembe. Alinionyesha viganja vyake, na mimi nikaangalia pembeni.

Wa pili ni baba mdogo Nyakundi, mdogo wake marehemu baba, shamba lake linapakana na la mama. Huyu ndiye alinibeba mabegani kuvuka mto nikienda darasa la kwanza. Na mashimo ya juu kabisa kwa mama, yale ya kwenye mawe, ni yeye aliyechimba.

Shida ni kwamba baba mdogo alikuwa mmoja wa wale kumi na tisa. Alipewa mwaka jana, akachelewa kupanda kwa sababu ya harusi tatu za mfululizo, na miche yake mingi ikakauka ikiwa kwenye gunia.

Alhamisi hiyo jioni akaja kwenye chumba nilichopanga, na mkungu wa ndizi begani.

"Mwanangu, wewe ndiye uko karibu na kalamu," akasema. "Sitaki uibe. Nataka usahau tu. Mtu hafungwi kwa kusahau."

Ningemkatalia vipi? Niambieni nyinyi wenye mioyo ya chuma. Nilikula ndizi mbili za mkungu ule nikiwa nimeshakubali.

Nikakaa na chiti yangu nikapiga hesabu ya kijanja. Nikimtoa kabisa, Bwana Ombati atahesabu visanduku akute kumi na nane. Nikipiga mstari, ataona nimefuta mtu. Lakini nikiacha kisanduku chake wazi, katikati, kisanduku cha kumi na saba, nani ataona? Na akiona nitasema namba sikuipata. Mama Rael atakiruka, kama alivyoruka kile kingine. Baba mdogo atatokea kwenye orodha kama malaika.

Cha ishirini nikakipiga mstari vizuri, kwa rula kabisa. Mwizi msafi.

Ijumaa asubuhi Bwana Ombati akatia sahihi bila kusoma, nikapeleka chiti dirishani saa nne. Nikarudi mezani kwangu, nikachonga penseli ambayo haikuhitaji kuchongwa.

Saa tano na nusu Mama Rael akaniita.

Mikono mitupu.

"Hakuna," akasema.

"Hakuna nini?"

"Hakuna hata mmoja wa kupewa."

"Mama, Manga nzima? Kuna droo nzima ya watu!"

"Nimewashika wote, mmoja mmoja. Ngoja nikuonyeshe." Akatoa kadi ya juu. "Huyu Nyaboke. Umesema nilete kila mtu ambaye si hawa. Ni wa kisanduku cha kwanza? Siye. Cha pili? Siye. Nimeenda hadi cha kumi na sita, siye. Cha kumi na saba kiko wazi. Kuna mtu hapo, hujaniambia ni nani. Je, Nyaboke siye huyo?"

"Siye, Mama!"

"Wewe unajua. Mimi chiti haijaniambia. Nikisema siye na kumbe ndiye, nimeshuhudia uongo. Nikamweka kando. Nikamshika anayefuata, naye hivyo hivyo. Wote hivyo hivyo. Siwezi kuapa kwa hata mmoja. Amri ya tisa."

Mimi ni Mkatoliki. Hapo akili yangu ikaharibika kabisa, nikamjibu, "Ya nane, Mama."

"Yaya, hapana. Ya tisa."

"Kwetu usishuhudie uongo ni amri ya nane!"

"Kwenu mlihesabu vibaya."

Wakuu, Land Rover inaondoka saa kumi, na mimi nimesimama dirishani nabishana namba za amri za Mungu. Dakika ishirini nzima! Hadi akafungua Kutoka ishirini akaanza kunihesabia kwa kidole.

Nikageuza mbinu. "Basi hicho kitupu kiruke, kama ulivyoruka kile siku ile."

"Siku ile uliniambia lete hawa. Asiyejulikana simleti, na waliojulikana wanakuja, hakuna aliyeumia. Leo umesema lete wote isipokuwa hawa. Asiyejulikana anaweza kuwa yeyote. Anawafunga wote."

"Basi nikipige mstari sasa hivi."

"Ina sahihi ya Bwana Ombati. Baada ya sahihi, kujaza unaweza. Kufuta, nenda kwake akuruhusu."

Nikaenda hadi mlangoni kwa Bwana Ombati. Nikasikia akikohoa. Nikamwona akilini akichukua ile orodha ya majina, akiweka kidole kwa mtu wa kumi na saba, akiuliza, Nyakundi huyu, si ni wa kwenu? Nikarudi.

Na jambo lingine. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Ijumaa kwa Msabato ni siku ya maandalio. Mama Rael alikuwa na ruhusa ya kufunga dirisha saa tisa na nusu ili afike kwake, achote maji, apike, jua lizame akiwa amemaliza kazi zote. Dirisha hilo likishafungwa, hata mkuu wa mkoa angengoja hadi Jumapili.

Saa nane nikatoka nje nipate hewa. Mama yangu alikuwa amekaa kwenye nyasi mbele ya ofisi, mwavuli umefungwa miguuni, matope hadi kwenye mashavu ya miguu. Alikuwa ametembea kutoka Manga.

"Omwana one, mwanangu," akaniambia, "kadi yangu imetoka?"

"Bado kidogo, baba."

"Mashimo yameanza kushika maji. Mvua hii ikipita nitayafukia tena? Mgongo wangu hauna mwaka mwingine wa kuchimba."

Halafu akaongeza, bila kujua anachomeka kisu wapi: "Nyakundi alinisaidia yale ya juu. Mungu ambariki huyo mtu."

Nikamwambia nitarudi sasa hivi. Nikaenda nyuma ya choo cha ofisi nikasimama tu pale. Niliona aibu, wakuu. Sikutaka kumwibia mtu yeyote. Nilitaka kumpendeza mtu mmoja, na sasa nilikuwa nimemnyima kila mtu wa Manga miche, kuanzia na mama yangu mzazi. Na baba mdogo mwenyewe hakupata, maana naye alikuwa kwenye lile fungu la wasiojulikana.

Saa tisa na robo. Mama Rael ameshaweka Biblia ndani ya kikapu.

Nikaenda dirishani. "Mama, naomba chiti."

Akanisogezea. Kalamu pia akanisogezea, yake. Nikaandika namba ya baba mdogo Nyakundi kwenye kisanduku cha kumi na saba. Tarakimu nne tu, na zilikuwa nzito kuliko gunia la majani mabichi.

Mama Rael akaisoma. Nikasema moyoni, sasa anaenda kuanza droo upya, zimebaki dakika kumi na tano, tumekwisha.

Hakwenda kokote. Aliinama chini ya meza, akatoa bunda la kadi za Manga limeshafungwa kwa kamba ya mgomba, limepangwa kwa namba. Ya juu kabisa ilikuwa ya mama yangu.

Halafu akainua kikombe chake cha uji. Chini yake kulikuwa na kadi moja peke yake, imeacha alama ya duara la maji. Kadi ya Nyakundi.

"Hiyo niliitoa saa tano," akasema.

"Mama, ulijua!"

"Ninashika kadi za Manga tangu wewe uko shule. Waliopewa mwaka jana nawajua kwa majina ya ng'ombe wao. Lakini kujua kwangu hakujazi kisanduku chako, momura, kijana wangu. Ulipaswa kukijaza wewe."

Akafunga dirisha. Nikamsikia akijiimbia wimbo wa kanisa huku akitafuta viatu vyake.

Nikanakili zile kadi mbio, na orodha ikaondoka na Land Rover saa kumi. Nyacheki wakangoja msimu mwingine, watusamehe.

Jumapili nikapanda Manga nikamwambia baba mdogo ukweli wote, kwamba ni mimi niliyemwandika kwa mkono wangu. Nikasubiri kofi. Akauliza tu, "Kisanduku cha ngapi?"

"Cha kumi na saba."

Akacheka hadi akakaa chini. Kuanzia siku hiyo hakuniita kwa jina langu tena. Mbele ya watu, kanisani, hata siku ya harusi yangu alisimama kutoa nasaha akaanza, "Mwanangu Kisanduku..." Wakwe zangu wakadhani ni jina la ukoo.

Mama alipopanda miche yake, mistari miwili ya mwisho aliipanda sambamba na mpaka wa Nyakundi, akamwambia hiyo chuma wewe. Hakumweleza kwa nini, na yeye hakuuliza. Aliichuma hadi miguu ilipokataa kupanda mlima.

Miaka mingi baadaye nikiwa Nairobi nikaingia mambo ya kompyuta. Siku moja program yetu yenye SQL ndani ikatoa sifuri kwenye NOT IN, yaani 'isipokuwa hawa'. Wataalamu watatu wenye tai wameizunguka, wanalaumu mashine. Nikauliza kutoka nyuma, "Nani ameacha kisanduku wazi?" Wakacheka. Nikaomba waichapishe ile array yote. Katikati kulikuwa na NULL moja, yaani nafasi iliyoachwa wazi, imekaa kimya. Tulipoitoa, watu wote wakarudi.

Kwa hiyo dogo, array yako usiitupe kama kitu kimoja. Mpe kila mtu kisanduku chake, alama ya swali moja kwa kila namba, na visivyotumika usiviache wazi. Ukiandika NOT IN, kagua mara mbili kama kuna mtu umemwacha bila jina. Na ukimwacha kwa makusudi kama mimi, jiulize nani mwingine unamfungia mlango.

Hayo ndiyo ya ID yangu. Wale wa tech njooni mnikosoe, wale Wakatoliki na Wasabato malizeni ule ubishi wa amri ya nane na ya tisa hapa hapa chini, mimi nilishindwa dirishani. Na kama kuna mtu ana ndugu aliyewahi kumwomba "asahau tu", aseme alifanyaje.

Baba mdogo tulimzika mwaka ambao mvua ziliwahi. Kwenye fomu ya watu wa kubeba jeneza kwa zamu walipanga majina kwa namba. Nilipofika kujiandikisha, nafasi zote zilikuwa zimejaa isipokuwa moja, na binamu zangu walikuwa wameiacha makusudi wakinitazama. Niliandika jina langu kwenye ya kumi na saba.